Je, Kanda Hustaafu? Uhakiki wa Tafsiri ya Mwongozo wa Kanda za Akiba

Imeletwa mezani petu rasimu ya tafsiri ya mwongozo unaohusu utunzaji wa kanda za sumaku ambazo ofisi huzitumia kuweka nakala za akiba za taarifa zao, na hasa namna ya kuamua ni wakati gani kanda iliyozeeka iachwe kutumika. Mwongozo wa asili uliandikwa kwa Kiingereza. Tafsiri imefanywa kwa ajili ya ofisi moja ya umma ambayo haina haja ya kutajwa hapa. Tuliombwa tuzithibitishe istilahi zake tu, lakini baada ya kuisoma rasimu mara ya pili tuliona ipo faida kuyaeleza maoni yetu kwa wasomaji wote wa jarida hili, kwa kuwa makosa tuliyoyakuta si ya mtafsiri mmoja. Yanaweza kumpata yeyote kati yetu anapokutana na neno la kigeni lenye sura moja na kazi tatu.

Tumpe kwanza mtafsiri haki yake. Kiswahili chake ni safi, sentensi zake zinasomeka bila kukwaza, wala hakujificha nyuma ya maneno ya Kiingereza yaliyovishwa viambishi. Tungekuwa tunahakiki hadithi, tungeishia hapo. Lakini msomaji wa mwongozo hausomi ili apendezwe. Anausoma akiwa amesimama mbele ya kabati la kanda, mkononi ana fomu, na anatakiwa aseme ipi ibaki na ipi iende kuteketezwa. Akikosea upande mmoja, zitapotea rekodi za mishahara za watu waliokwisha kuacha kazi, nao ndio watakaozihitaji siku ya kudai mafao yao. Akikosea upande wa pili, taarifa za wagonjwa ambazo muda wake umekwisha zitabaki ghalani zikingoja mtu asiyehusika azichukue. Na mara nyingi mtu huyo mwenye fomu si fundi wa kompyuta. Ni mhasibu, au mtunza masijala, au mwangalizi wa stoo. Fundi anaweza kukisia maana iliyokusudiwa hata neno likiwa baya. Huyu hawezi.

Wapo watakaoshangaa kwamba kanda bado zinatumika. Kwa wengi wetu neno hili linaleta mawazo ya kaseti za muziki zilizokuwa zikikwama ndani ya redio na kuzungushwa kwa kalamu. Kompyuta ya UNIVAC ilianza kutumia kanda mwaka 1951, na IBM ikaleta ya kwake mwaka uliofuata, nazo hazijatoweka tangu hapo. Aina inayotumika zaidi leo huitwa LTO, iliyoanzishwa mwaka 2000 na IBM, Hewlett-Packard na Seagate kwa pamoja. Kanda ya kizazi chake cha kwanza ilibeba gigabaiti 100. Ya kizazi cha 9, iliyotoka mwaka 2021, hubeba terabaiti 18. Sababu ya kuendelea kwake ni nyepesi kueleweka: kanda iliyotolewa katika mashine na kuwekwa kabatini haiguswi na kirusi wala na mdukuzi, wala haili umeme. Mwezi Februari 2011 kasoro ya programu ilipofuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, nakala zilizokuwa katika mitambo mingine ya Google nazo ziliathirika, na barua hizo zikarudishwa kutoka katika kanda. Basi jambo tunalolizungumza si la makumbusho.

Tukianza na jina la kitu chenyewe, rasimu inatumia kanda, ukanda, mkanda na utepe kana kwamba ni visawe. Katika mazungumzo ya kila siku havidhuru. Hapa vinadhuru, kwa sababu mwongozo unatofautisha vitu viwili: kile kisanduku cha plastiki ambacho mtu hukishika mkononi, na ule uzi mpana wa sumaku uliozungushwa ndani yake. Kisanduku kinaweza kupasuka hali utepe ni mzima, na fundi akauhamishia katika kisanduku kingine. Utepe unaweza kuoza hali kisanduku kinang'aa kama kipya. Kwa maoni yetu, kanda litumike kwa kitu kizima, kwa umoja na kwa wingi, kama watu walivyozoea kusema kanda hii na kanda hizi. Utepe ubaki kuwa jina la kile kilichomo ndani. Mkanda tuuachie kiuno na sinema. Mafundi wao husema tepu, nasi hatuna ugomvi nao, ila neno hilo linarudisha mchanganyiko uleule kwa mlango wa nyuma.

Jina la kazi ya kanda hiyo lina matatizo makubwa zaidi. Katika tafsiri za programu za kompyuta yameonekana maneno kadhaa: chelezo, nakala rudufu, hifadhi rudufu, na midomoni mwa mafundi, bakapu. Chelezo ni neno zuri la pwani, boya linaloelea juu ya maji na kuonyesha mahali ulipo mtego, na aliyelipendekeza alikuwa na jicho la mvuvi. Hata hivyo, neno hilohilo hutumika pia kwa mahali pa kupandishia meli zitengenezwe, na msomaji wa bara hana uhakika anaambiwa lipi. Rudufu nalo linasema tu kwamba nakala ni ya pili. Halisemi ni ya nini. Mtafsiri wetu amechagua nakala ya akiba, na katika hili tunamuunga mkono, kwa kuwa akiba ni neno ambalo kila nyumba inalijua na linataja kusudi.

Lakini akiba inakuja na methali yake. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba akiba haiozi, na rasimu inaanza sura yake ya pili kwa methali hiyo, ambayo bila shaka haimo katika matini ya asili. Ni pambo, na ni pambo la hatari. Akiba ya kanda huoza. Gundi inayoushikilia unga wa sumaku juu ya utepe hunyonya unyevu wa hewa na kuvunjika taratibu. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 ziligeuka kuwa za kunata kiasi kwamba zilipojaribiwa kuchezwa ziliacha ngozi yao juu ya kichwa cha mashine, na hata leo watunzaji hulazimika kuzioka kwa joto la nyuzi hamsini na kitu kabla ya kuthubutu kuzisoma. Gundi za kanda za sasa ni bora kuliko zile, lakini hazijavuka sheria za maumbile. Mtu anayetunza kanda Tanga, Mombasa au Unguja, katika chumba ambacho kipoza hewa huzimwa saa kumi jioni wafanyakazi wanapoondoka, ndiye wa mwisho ambaye tungependa aambiwe kwamba akiba haiozi.

Hatari ya pili ya neno akiba ni ya ndani zaidi, na haimhusu mtafsiri pekee. Akiba huhesabiwa kuwa haina kazi tena pale kilicho cha kwanza kinapokuwa salama. Mfano ulio maarufu ni wa safari ya Apollo 11, mwezi Julai 1969. Picha za televisheni kutoka mwezini zilipokelewa katika vituo vya ardhini kwa mfumo maalumu, zikageuzwa papo hapo ziweze kurushwa majumbani, na katika kugeuzwa huko zikapoteza ubora mwingi. Mawimbi ya asili, yaliyokuwa safi zaidi, yalirekodiwa katika kanda za vituo hivyo kama tahadhari, endapo matangazo yangekatika. Matangazo hayakukatika. Kanda zikahesabiwa kuwa zimemaliza kazi. Miongo baadaye watu walipozitafuta, uchunguzi wa NASA uliokamilika mwaka 2009 ulifikia uamuzi kwamba kwa uwezekano mkubwa zilifutwa na kutumika tena, katika kipindi ambacho shirika hilo lilikuwa na upungufu wa kanda. Kanda hizo hazikuwa zimeoza, wala mashine za kuzisoma hazikuwa zimekosekana. Ziliitwa akiba, na jina hilo likatosha kuzihukumu.

Kwa hiyo tunaikubali nakala ya akiba kwa sharti moja: isitumiwe kwa kanda iliyobeba kumbukumbu pekee zilizobaki. Siku mfumo wa mishahara wa zamani unapozimwa, kanda yake ya mwisho haiwi tena nakala ya akiba. Imekuwa asili. Mwongozo wa Kiingereza unalisema jambo hili katika sentensi moja fupi, na rasimu imeiruka sentensi hiyo, huenda kwa sababu haikuwa na neno la kuutajia mgeuko huo. Tunapendekeza iandikwe waziwazi kwamba kanda hiyo ihesabiwe kuwa kumbukumbu ya asili na ibandikwe alama inayoonyesha hivyo.

Sasa tufike kwenye neno lililotupa kichwa cha makala haya. Mwongozo wa asili unatumia kitenzi ambacho maana yake ya kwanza kwa watu ni kustaafu, na mtafsiri akaandika kustaafisha: kustaafisha kanda, kanda zilizostaafishwa, umri wa kustaafu wa kanda. Sitiari si mbovu kwa kuwa ni ya kuazima. Tumeazima nyingi na zimekaa vizuri. Ubovu wake ni kwamba kwetu kustaafu kuna sheria yake ambayo kila mtumishi wa umma anaijua kwa moyo. Katika utumishi wa umma wa Tanzania mtu hustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Ukimwambia mhasibu astaafishe kanda, jambo la kwanza atakalolitafuta ni tarehe ya kuzaliwa. Naye atakuwa amefanya kosa ambalo mwongozo mzima uliandikwa ili kulizuia, kwa sababu kanda haiachwi kutumika kwa kutazama umri wake peke yake.

Aidha, mstaafu wetu yu hai. Ana pensheni, huitwa kwenye sherehe, na huulizwa mambo ya zamani. Kitenzi cha Kiingereza katika mwongozo huu kinabeba matendo matatu tofauti, na la tatu halimwachi mstaafu akiwa hai. Kuna kuacha kuandika juu ya kanda ilhali inaendelea kusomwa. Kuna kuyahamisha yaliyomo kwenda katika kanda mpya. Na kuna kuiharibu kanda kabisa. Katika aya ya nne kitenzi kina maana ya kwanza. Katika aya ya kumi na moja kina maana ya tatu. Rasimu inasema kustaafisha kote kuwili. Ofisa atakayeisoma aya ya nne kwa maana ya aya ya kumi na moja atapeleka kanda kwenye tanuri mwaka uleule alioambiwa azipumzishe.

Kiswahili hakikosi maneno hapa. Kwa tendo la kwanza tunapendekeza kupumzisha: kanda iliyopumzishwa haiandikwi tena, lakini ipo na inasomeka. Kwa la pili kuhamisha, na isemwe daima kinachohamishwa, yaani yaliyomo, ili mtu asidhani ni kisanduku kinachobadilishiwa rafu. Kwa la tatu kuteketeza, neno ambalo masijala zetu zimelizoea kwa karatasi. Mtafsiri akiuliza afanye nini na kichwa cha mwongozo, ambacho katika asili kimejumlisha yote matatu kwa neno moja, jibu letu ni kwamba si lazima kichwa chetu kiwe na neno moja kwa sababu chao kinalo. Kuondoa kanda katika matumizi kutafaa.

Kosa zito kuliko yote, hata hivyo, halimo katika neno geni. Limo katika maneno matatu ya kawaida ambayo jicho huyapita bila kusimama: muda wa kuhifadhi. Katika asili kuna dhana mbili. Ya kwanza ni muda ambao utepe wenyewe unatazamiwa kudumu ukiwa umetunzwa ipasavyo. Ya pili ni muda ambao sheria au kanuni inataka taarifa zilizomo zitunzwe. Dhana ya kwanza ni ya kemia, ya pili ni ya sheria. Rasimu inaziita zote muda wa kuhifadhi, tena ndani ya jedwali moja, safu mbili zikifuatana.

Msomaji afikirie matokeo yake. Watengenezaji wa kanda za LTO husema kwamba utepe unaweza kudumu hadi miaka 30. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 humtaka mlipakodi atunze hati zake kwa miaka 5. Namba 30 na namba 5 zikiwekwa chini ya jina moja, ofisa mwangalifu atachagua kubwa, akiamini kwamba anajilinda, na ofisa mwenye kabati lililojaa atachagua ndogo. Wa kwanza ataweka taarifa za watu kwa miaka 25 zaidi ya inavyotakiwa, hali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019 kabla yake, zinataka taarifa za mtu zisiwekwe kupita muda unaohitajika. Wa pili anaweza kuteketeza kumbukumbu za umma ambazo zilistahili kupelekwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Wote wawili watasema waliufuata mwongozo, na watakuwa wanasema kweli.

Tunapendekeza dhana ya kwanza iitwe muda wa kufaa, kama tunavyosema dawa hii haifai tena, na ya pili iitwe muda wa kutunza. Wenzetu wengine wamependelea uhai wa kanda kwa ile ya kwanza; hatulikatai, ila uhai unamfanya mtu afikirie siku moja ya kifo, na kanda haifi siku moja. Huanza kwa makosa madogo ambayo mashine huyasahihisha yenyewe bila mtu kujua, kisha makosa hayo huongezeka, kisha huja lile lisilosahihishika. Kanda za LTO zina kijisahani cha kumbukumbu ndani ya kisanduku, ambamo huandikwa kanda imepakiwa mara ngapi na makosa yalikuwa mangapi. Kuitazama hesabu hiyo kila mwaka kuna faida kuliko kuisoma tarehe iliyobandikwa mgongoni.

Na hapo kwenye miaka 30 kuna neno dogo lililopotea njiani. Asili inasema hadi miaka 30, ikitaja na masharti: joto la kati ya nyuzi 16 na 25, na unyevu wa hewa usiozidi asilimia 50. Rasimu inasema miaka 30. Hadi limeanguka, na masharti yamepelekwa kwenye kiambatisho. Kwa mtu wa Dodoma pengo hilo si kubwa sana. Kwa mtu wa Dar es Salaam, ambako unyevu hupita kiwango hicho siku nyingi za mwaka, ni tofauti kati ya ahadi na kisa cha kubuni.

Yako maneno mengine mawili ambayo mtafsiri ameyabebesha mizigo miwili kila moja. La kwanza ni kizazi. Katika asili, kizazi ni toleo la kanda na mashine yake, kizazi cha 5, cha 6, na kuendelea. Lakini pia kuna mtindo wa zamani wa kupokezana kanda unaoitwa babu, baba na mwana: kanda za mwana huandikwa kila siku na kurudiwa kila wiki, za baba huandikwa kila wiki, za babu kila mwezi. Tafsiri ya majina hayo matatu imekaa vizuri mno katika Kiswahili, lugha ambayo haijawahi kukosa majina ya ukoo. Tatizo ni pale rasimu inaposema kanda za kizazi cha zamani ziondolewe kwanza. Ni toleo la zamani, au ni babu? Katika mtindo huu babu ndiye anayestahili kuachwa. Huandikwa mara chache na kukaa kabatini. Mwana ndiye anayechakaa mapema, kwa kuwa anapita mashinini bila kupumzika, naye hutangulia kuondoka kabla ya babu yake. Tungeshauri kizazi liachiwe matoleo ya mashine, na kwa ukoo wa kanda itumike zamu: zamu ya babu, zamu ya baba, zamu ya mwana.

La pili ni mzunguko, nalo limeleta kosa linaloweza kupimwa. Watengenezaji hupima uchakavu kwa njia mbili: mara ngapi utepe umepita kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na mara ngapi kanda nzima imejazwa. Utepe wa LTO huandikwa kwa kwenda na kurudi, mstari juu ya mstari, kama mkulima anavyolima shamba kwa jembe la ng'ombe. Ili kuijaza mara moja kanda ya kizazi cha 5, utepe wake wenye urefu wa mita 846 hupita mbele ya kichwa mara 80. Ni safari ya karibu kilomita 68, karibu mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Kwa kanda ya kizazi cha 8, mapito ni 208. Rasimu inaviita vyote mzunguko. Atakayesoma kikomo cha mapito akidhani ni kikomo cha kujazwa ataitumia kanda yake mara 80 kupita kiasi. Na atakayesoma kinyume chake ataitupa ikiwa bado mpya. Hapa hatuna haja ya kubuni chochote. Idadi ya kupita na idadi ya kujazwa, basi.

Mashine ya kusomea ndiyo mada ambayo rasimu imeitendea vizuri kuliko zote, na tunasema hivyo kwa furaha, kwa kuwa ni hapo ambapo wengi huumia. Utepe mzima bila mashine ni plastiki. Picha za mwezi zilizopigwa na vyombo vya Lunar Orbiter mwaka 1966 na 1967 zilibaki katika kanda zake miaka mingi, na zingebaki humo bure kama Nancy Evans, aliyekuwa mtunza nyaraka wa NASA, asingekataa kuziacha zitupwe, na asingezitunza nyumbani kwake mashine za Ampex zilizokuwa na uwezo wa kuzisoma. Picha ya kwanza iliyookolewa kutoka kanda hizo ilitolewa mwaka 2008. Mtafsiri ametumia kupitwa na wakati kwa mashine, na kuchakaa kwa utepe, na hakuchanganya hata mara moja. Ila taarifa yenyewe imepitwa: mwongozo wa asili unasema kila mashine husoma kanda za vizazi viwili vilivyotangulia. Ilikuwa hivyo hadi kizazi cha 7. Mashine ya kizazi cha 8, ya mwaka 2017, husoma kizazi kimoja tu nyuma yake, na ya kizazi cha 10, iliyotoka mwaka 2025, haisomi kanda za kizazi chochote kilichotangulia. Inaweza kusemwa kwamba kusahihisha taarifa si kazi ya mtafsiri. Labda. Lakini tanbihi ya mstari mmoja haimvunjii mwandishi heshima, na inaweza kuokoa kabati zima.

Kuhusu kufuta na kuteketeza tutasema machache. Rasimu inatumia kufuta kwa matendo mawili: kuandika upya juu ya yaliyokuwapo, na kuipitisha kanda katika sumaku kali. Kwa kanda za zamani tofauti haikuwa kubwa, kwani zilipotoka kwenye sumaku zilitumika tena, kama zile za mwezini. Kwa kanda za LTO sumaku hufuta pia alama za kuongozea kichwa zilizowekwa kiwandani, na kanda hiyo haitumiki tena kamwe. Basi iandikwe kufuta kwa sumaku kila inapokusudiwa hivyo, na anayetaka kuokoa fedha za kanda mpya ajue analolifanya.

Tumekwisha kuambiwa, katika mashauri mengine ya namna hii, kwamba tunajisumbua: mafundi wote wanajua Kiingereza, na mwongozo wa asili upo. Hoja hiyo inamsahau yule aliyesimama mbele ya kabati na fomu mkononi. Fomu yenyewe imeambatishwa mwishoni mwa rasimu, ina safu moja yenye kichwa Tarehe ya kustaafu. Tumeirudisha ikiwa na safu tatu: mwisho wa muda wa kufaa, mwisho wa mashine ya kusomea, na mwisho wa muda wa kutunza. Ya kwanza kufika kati ya mbili za mwanzo ndiyo inayosema yaliyomo yahamishwe. Ya tatu peke yake ndiyo inayoweza kuruhusu kuteketeza, na chini yake pana nafasi ya sahihi ya mtunza kumbukumbu, si ya fundi.

Limebaki neno moja ambalo hatukuweza kuliamua. Kanda inaweza kusomwa na mashine bila kosa hata moja, na bado yaliyomo yasipatikane, kwa sababu programu iliyoyaandika haipo tena na hakuna nyingine inayoyaelewa. Rasimu inasema kusomeka kwa hali zote mbili. Mafundi wa ofisi hiyo tulipowauliza walisema kanda inasomeka lakini haifunguki, kama watu wasemavyo juu ya faili. Kufunguka tumeliingiza katika orodha ya maneno yatakayojadiliwa katika kikao kijacho cha istilahi, na wasomaji wenye neno jingine, hasa walimu wa somo la kompyuta, wanaombwa wautumie mhariri maoni yao kabla ya hapo.